Kidonge Cheupe cha Mgeni na cha Njano cha Mfiwa

Habari hii nilipewa na Bi Sikudhani, mwenzangu wa foleni ya presha, Jumanne ile mashine ya kupimia ilipogoma tukaambiwa tukae tutulie, maana hata kutulia ni dawa. Yeye aliipata kwa mkwewe, na mkwewe aliishi huko huko mambo yalikotokea. Jina la nchi alinitajia, nami nimelisahau kwa makusudi, kwa sababu majina ya nchi yana masikio. Tuseme tu ni nchi ya mbali, yenye wimbo wa taifa mrefu na barabara fupi, wala haifanani na nchi yoyote unayoijua. Ukiona inafanana, hayo ni macho yako. Nenda ukapimwe.

Basi nchi hiyo ilikuwa na desturi mbili ambazo hata mtoto wa kutambaa alizijua.

Ya kwanza, mtu mzima hapigi hodi. Hodi ni ya watoto na wakusanya kodi. Mtu mzima akifika mlangoni hujikohoza, kho-kho, na aliye ndani husema "Karibu." Akishasema karibu, mgeni ataingia, atakaa, atakula. Kukohoa mlangoni pa mtu halafu usiingie ni tusi. Kusikia kikohozi usikaribishe ni tusi kubwa zaidi, na wako watu waliohama mtaa kwa ajili ya hilo.

Ya pili, mtu mzima haonekani nje pekupeku isipokuwa amefiwa. Ukimwona mwenzio hana viatu, huulizi. Unachukua mkeka wako, unamfuata kwake, unakaa naye.

Zilikuwa desturi nzuri. Watu waliishi nazo tangu enzi za mababu bila kugombana, mpaka serikali ilipoleta vidonge.

*

Katika mji mmoja wa nchi hiyo walikaa Bi Nyamizi na mumewe, Mzee Masunga. Watoto wao walikwisha kuoa na kuolewa, nyumba ikabaki na wazee wawili na mbuzi mmoja mkorofi.

Bi Nyamizi alikuwa na presha. Dada yake mkubwa alikuwa nayo pia, akaidharau, akasema presha ni ugonjwa wa watu wenye nafasi. Siku moja akaamka mdomo umekwenda upande na mkono haushiki kijiko. Tangu siku hiyo Bi Nyamizi hakufanya mchezo. Alivaa kanga safi, akaenda kliniki.

Kliniki ilikuwa na madirisha mawili. La kushoto lilitoa kidonge cheupe, cha duara, jina lake Shwari. La kulia lilitoa kidonge cha njano, kirefu kidogo, jina lake Telemko. Vyote vilikuwa vya presha, na vyote, waliambiwa, vinashusha. Nani apate kipi, hilo liliamuliwa kitaalamu kabisa. Asubuhi kivuli kilikuwa upande wa kushoto, kwa hiyo waliowahi walipanga kushoto. Mchana kivuli kilihamia kulia, na waliochelewa wakapanga kulia. Bi Nyamizi ni mtu wa alfajiri, akapewa Shwari. Mzee Masunga, ambaye naye alipimwa akakutwa nayo, ni mtu wa kutafuta kiatu kimoja mpaka jua linawaka. Akapewa Telemko.

Aliyewahudumia ni Nesi Kalunde, binti mpole mwenye sauti ya kubembeleza homa.

"Bibi," akamwambia Bi Nyamizi, "meza kimoja kila asubuhi, punguza chumvi, halafu ulale. Usingizi ni nusu ya dawa. Usipolala, hata nikupe ndoo nzima ya vidonge presha haitashuka. Na isiposhuka..."

Hakumalizia. Bi Nyamizi alimalizia mwenyewe moyoni, akauona mdomo wa dada yake.

"Nitalala, mjukuu wangu," akasema. "Kulala ndiyo kazi pekee niliyoijua bila kufundishwa."

*

Kidonge cheupe kilishusha. Hakuna wa kukisingizia. Ila baada ya wiki chache kilimletea Bi Nyamizi kikohozi, kile kikavu, kisicho na makohozi wala sababu, kinachokuja chenyewe kama kwikwi.

Asubuhi moja alijitwisha mahindi yake kwenda mashineni kusaga. Alipofika usawa wa mlango wa jirani yake, Mama Kulwa, kikohozi kikamponyoka.

"Karibu," Mama Kulwa akaitikia kutoka ndani.

"Napita tu, jirani."

"Unapitaje nawe umekohoa? Au chakula changu kina nini?"

Bi Nyamizi akatua mahindi, akaingia, akala kisamvu. Akaaga. Mlango wa pili, kho-kho, akakaribishwa, akala maharage. Mlango wa tatu alijaribu kujiziba mdomo kwa kanga, kikohozi kikapitia puani, na mwenye nyumba akasema, "Karibu, mama, usione haya." Akala viazi. Na chakula cha mgeni katika nchi hiyo hakipungui chumvi, maana chumvi ndogo ni kumwambia mgeni asirudi. Jioni alirejea nyumbani tumbo limekaza kama ngoma, na mahindi yako vile vile, hata mashine hajaiona.

Alipokwenda kliniki, presha imepanda.

"Bibi, unakula chumvi?" akauliza Nesi Kalunde.

"Sili, nakaribishwa."

Nesi akatazama mwongozo wa serikali uliobandikwa ukutani. Uliandikwa kwamba presha ikipanda, dawa iongezwe. Akaongeza. Dawa ilipoongezwa kikohozi kikaongezeka, kikohozi kilipoongezeka karibu zikaongezeka, karibu zilipoongezeka chumvi ikaongezeka, na presha ikapanda tena kwa utaratibu mzuri uliofuata mwongozo hatua kwa hatua.

Usingizi nao ukahama. Kila Bi Nyamizi alipokohoa kitandani, Mzee Masunga, mtu wa desturi hata akiwa ndotoni, alisema "Karibu," akainuka kutafuta kiti cha mgeni.

"Baba Shija, ni mimi," mkewe akamwambia.

"Umetoka wapi?"

"Sijatoka popote. Lala."

Naye hulala, mpaka kikohozi kingine.

*

Mzee Masunga hakukohoa hata kidogo. Kidonge cha njano kilimkalia vizuri kifuani, kikamshukia miguuni. Miguu ilivimba ikawa kama maandazi yaliyosahauliwa kwenye mafuta. Viatu vyake vilikuwa namba kumi na mbili, vikubwa kuliko vyote sokoni. Ukitaka zaidi ya hapo, muuza viatu alisema, nenda kachonge mtumbwi. Miguu ikavikataa. Akavisukumia chini ya kitanda, akatoka uani pekupeku mara moja tu, kumfunga mbuzi.

Mara moja ilitosha. Kabla hajamaliza fundo, Mama Kulwa alikwisha kumwona.

Mchana ule ua ulijaa mikeka. Walikuja wa mtaa wa juu na wa mtaa wa chini, wakakaa, wakainamisha vichwa.

"Pole, mzee wetu. Ni nani?"

"Hakuna aliyekufa," akasema Mzee Masunga. "Ni miguu."

Watu wakatazamana kwa huruma. "Mwanzoni huwa hivyo," akanong'ona mmoja. "Baba yangu naye alikana wiki nzima."

Mama Kulwa alilia kuliko wote, kilio cha kupanda na kushuka chenye kibwagizo. Bi Nyamizi, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akamwinamia.

"Mama Kulwa, unamlilia nani?"

"Sijui, jirani," akasema katikati ya kwikwi. "Lakini nikishaanza siwezi kukatisha, itakuwa mkosi."

Matanga yakaisha, watu wakakunja mikeka wakaenda. Kesho yake Mzee Masunga akatoka tena kumtazama mbuzi, miguu ile ile. "Maskini," watu wakasema, "nyumba hii imeandamwa." Wakarudi na mikeka.

Na hapa lazima niseme ukweli kuhusu Mzee Masunga. Mara ya kwanza alikasirika. Mara ya pili alinyamaza. Mara ya tatu niambieni nani angekasirika: anapepewa, anamiminiwa chai, watu ambao hawakuwahi kumsalimu wanamwita nguzo ya mtaa. Akajifunza kushusha pumzi ndefu za kusikitika.

Bi Nyamizi hakupata hata robo ya pumzi. Kikohozi ndani, kilio nje. Siku moja kijiko kilimponyoka mkononi, akakitazama pale chini kwa muda mrefu. Kilikuwa ni kijiko tu, mkono ulikuwa mzima. Lakini alikwisha kuogopa. Akavaa kanga safi akarudi kliniki.

"Mjukuu wangu, nibadilishie. Nipe cha njano."

"Natamani, bibi," akasema Nesi Kalunde. "Lakini mtu akishakuwa wa dirisha la kushoto, ni wa kushoto. Kubadilisha ni sera, na sera iko kwa Tume."

"Tume inafanya nini?"

"Inalinganisha."

*

Tume ya Taifa ya Kulinganisha Vidonge ilikuwa na watu wenye afya kupita wote nchini. Walichaguliwa kwa sifa hiyo, ili mtu asije akapendelea kidonge alichowahi kukimeza. Mwenyekiti wake alikuwa hajaugua hata mafua tangu azaliwe, na alipoulizwa kama anaijua presha alijibu kwamba ameisikia.

Tume ilisafiri kwanza. Ilikwenda nchi za baridi, kuviona vidonge vikiwa kwao. Iliporudi, imenenepa na imevaa makoti, ilisoma taarifa yake ya awali redioni. Cheupe, ilisema taarifa, kimethibitika kuwa cheupe. Cha njano kimethibitika kuwa cha njano. Kwa kuvilinganisha, vidonge vyote viwili havina kasoro yoyote, na kasoro iliyoonekana iko kwa wagonjwa. Hata hivyo nchi moja haiwezi kuwa na vidonge viwili kama nyumba yenye wake wenza, kwa hiyo Tume itaendelea kulinganisha mpaka kipatikane kidonge cha taifa.

Ndipo nchi ilipogawanyika. Wakatokea Weupe na Manjano. Weupe walivaa kanzu, wakasema bora kukohoa hai kuliko kuliliwa mzima. Manjano walijipaka binzari, wakasema mguu ni mguu tu, kifua ndicho mtu. Wakali zaidi walikuwa wale ambao hawajawahi kuumwa hata kichwa. Vijana wawili wenye presha safi kabisa walitoana meno sokoni kwa ajili ya uvimbe ambao hawakuwahi kuuona. Posa tatu zilivunjika. Hao waliokuwa wakimeza vidonge hawakupigana, maana nusu yao walikuwa wakikaribishwa na nusu wakifarijiwa.

Mkuu wa Nchi alipoona hivyo akamwita Waziri wa Vidonge, Mheshimiwa Pazia, akamwambia aende kwa wananchi akamalize jambo. Ikatangazwa Wiki ya Kulinganisha. Ikatafutwa nyumba ya mfano, yenye kidonge cheupe na cha njano chini ya bati moja. Ikaonekana ya Bi Nyamizi.

*

Mheshimiwa Pazia alifika na msafara, bendi, hema, na katibu wake, Bwana Tegemeo, ambaye kazi yake ilikuwa kukubaliana. Waombolezaji wa mtaani walikuwa wamejaa uani tayari, kwa hiyo mahudhurio yakasifiwa.

Mheshimiwa akasimama mbele ya mlango, akashika kipaza sauti, na kama viongozi wote akasafisha koo.

"Karibu," akasema Bi Nyamizi kutoka ndani.

Bwana Tegemeo akamnong'oneza bosi wake, "Mheshimiwa, imeshakuwa."

Waziri akaingia, akakaa, akala ugali na kisamvu, akashukuru, akatoka. Akashika kipaza sauti. "Kho. Ndugu wananchi..."

"Karibu."

Akaingia, akala. Mara ya tatu alijitahidi kuanza bila kusafisha koo, lakini koo lililozoea madaraka halifuati amri. Alipotoka mara ya nne mkanda ulikuwa umefunguliwa, na ikaamuliwa hotuba itolewe kutoka ndani ya nyumba, wananchi wasikilize kupitia dirishani.

"Tumekuja kusikia ushahidi," akasema Mheshimiwa. "Serikali hii ni sikivu. Ina masikio hata mahali ambapo haina mikono."

Bi Nyamizi akasogea mbele kusema. Bwana Tegemeo akamzuia kwa adabu, akamgeukia Mama Kulwa.

"Wewe mama, una presha?"

"Sina."

"Safi. Basi tueleze, kidonge cheupe kinamfanyaje Bi Nyamizi?"

"Kinamfanya anakula kwangu."

"Na cha njano kinamfanyaje mzee?"

"Kinafanya tunakula kwake."

"Ushahidi mzito," akasema Bwana Tegemeo.

"Naomba niseme mwenyewe," akasema Bi Nyamizi. "Kifua ni changu."

"Haiwezekani, mama. Wewe una maslahi."

"Maslahi gani, baba?"

"Ya kupona."

Bi Nyamizi akavuta pumzi ajibu. Kikohozi kikamshika, na wageni wote uani wakasema kwa pamoja, "Karibu."

Mheshimiwa aliona ushahidi umelingana, kula kwa kula. Akafanya jambo ambalo wapambe wake walilisimulia kwa machozi miaka mingi baadaye. Akatoa kidonge cheupe, akatoa cha njano, akaviinua juu.

"Serikali haina upande," akasema. "Nitameza vyote viwili, kila siku, hapa hapa, mpaka wiki iishe."

Akameza. Bendi ikapiga.

*

Sasa, Mheshimiwa Pazia hakuwa na presha. Yake ilikuwa nzuri, ya mtu asiyejibu simu. Vidonge vilipoingia vikaikuta haina kosa, vikaishusha hivyo hivyo, maana ndivyo vilivyoagizwa. Kesho yake aliposimama kuhutubia, dunia ikamzunguka, akaketi. Akasimama tena, akalala. Daktari wa msafara akapima, akasema presha ya Mheshimiwa iko chini ya ile ya kiti alichokalia, na kwamba kwa sasa atawale akiwa amelala.

Hapo ikazuka shida ya itifaki. Kwa sheria ya nchi hiyo, kichwa cha mtumishi hakiruhusiwi kuwa juu ya kichwa cha waziri. Bwana Tegemeo akawa wa kwanza kujinyoosha mkekani. Wakafuata walinzi, wakapiga saluti wakiwa chali. Bendi ikalala, mpiga ngoma akaweka ngoma tumboni, na kila alipopumua ikalia kidogo. Serikali yote ikawa chini, kati ya waombolezaji, na hapakuwa na mtu wa kuitofautisha.

Katikati ya wiki kikohozi kikamjia Waziri. Kilimwahi, labda kwa heshima ya cheo. Kila akikohoa Bi Nyamizi alisema karibu, na kwa kuwa alikwisha kuingia na kukaa, kilichobaki ni kula.

"Mama, nimeshiba," akasema Mheshimiwa kwa unyonge.

"Basi usikohoe, mwanangu. Mimi desturi sikuitunga."

Halafu miguu. Viatu vya Waziri vilikuwa vya nchi za baridi, vyembamba, vyenye ncha. Vikakatwa kwa kisu. Alipobebwa kwenda chooni, pekupeku, watu wakamwona, na kufikia jioni nchi nzima ilijua kwamba Waziri amefiwa.

Waziri kufiwa si jambo la mtaa. Mikeka ilikuja kwa malori. Bendera zikashushwa nusu mlingoti. Redio ikaacha matangazo ya biashara ikapiga nyimbo za huzuni, na kwa kuwa haikumtaja marehemu, kila mtu akaanza kukisia kwenda juu. Ofisi ya Mkuu wa Nchi ikatoa tamko kwamba Mkuu wa Nchi hajafa, na hapo wote wakaamini kwamba amekufa. Mkuu mwenyewe, aliposikia vilio nje ya ikulu, alituma rambirambi, asije akaonekana hajali.

Ua wa Bi Nyamizi ukawa kilio mtindo mmoja. Mheshimiwa Pazia alikuwa kwenye mkeka wake, kizunguzungu kichwani, kikohozi kifuani, maandazi miguuni, na hakuwa amefumba jicho tangu Jumatatu. Bi Nyamizi alikaa kando yake, naye hivyo hivyo, amejishika kifua.

"Bi Nyamizi," akasema Waziri kwa sauti isiyo na kipaza, "wewe unaishije hivi?"

"Siishi, Mheshimiwa. Nangojea Tume."

Waziri akakohoa. Bi Nyamizi akafungua kinywa kusema karibu, akamwonea huruma, akakifunga.

"Mtu mwenye hali hii," Waziri akaendelea, "hebu niambie, anataka nini?"

Bi Nyamizi akamtazama. Muda wote huo, toka dirisha la kushoto mpaka hema la serikali, hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Anataka kulala," akasema. "Nesi aliniambia nisipolala presha haishuki, na isiposhuka nitakuwa kama dada yangu, anayelishwa uji na mwanawe. Sitaki kidonge cha taifa. Nataka kile cha njano, na mwenye kukipenda cheupe aachiwe cheupe."

"Na miguu ikivimba?"

"Miguu haikohoi. Viatu vya Baba Shija vipo bure chini ya kitanda, namba kumi na mbili. Nikivimba nitavaa hivyo, na aliyevaa viatu hafarijiwi."

Mheshimiwa akageuza shingo kwa Mzee Masunga, aliyekuwa akipepewa. "Na wewe, mzee, ubadilishiwe?"

"Mimi niacheni na changu," akasema Mzee Masunga haraka. "Kifua ni chepesi, nalala fofofo kilio au bila kilio, na tangu nioe sijawahi kupewa pole kiasi hiki."

"Na mimi, Bi Nyamizi? Mimi kinanifaa kipi?"

"Wewe huumwi, mwanangu."

Bwana Tegemeo akaonekana akiliandika neno hilo akilini, kwa sababu halikuwamo kwenye taarifa yoyote.

"Tegemeo," akasema Mheshimiwa. "Tangaza. Kila mgonjwa aulizwe dawa inamfanyaje, na isiyomfaa abadilishiwe."

"Wazo la kihistoria, Mheshimiwa. Aulizwe na nani? Itabidi iundwe Tume ya Kuuliza."

"Aulizwe na nesi."

"Nesi? Hivi hivi? Mbele ya watu?"

"Mbele ya mgonjwa."

Bwana Tegemeo akataka kukataa, lakini hakuwa na uzoefu wa kazi hiyo. Akatambaa kwa tumbo mpaka kwenye kipaza sauti, akatangaza. Redio ikasema Mheshimiwa Pazia amegundua mgonjwa. Baadaye alipewa nishani.

*

Nesi Kalunde alikuja mwenyewe na kidonge cha njano. Alimpima Bi Nyamizi, akamuuliza, akamsikiliza mpaka mwisho, akaondoa cheupe akaacha cha njano. Akamkanya asije akameza cha mumewe wala kumgawia jirani, maana Mama Kulwa alikwisha kuuliza kama kipo cha ladha ya embe.

Kikohozi hakikuondoka siku hiyo. Kikohozi ni kama mgeni aliyeshiba, huaga asubuhi akaondoka jioni. Kilikwenda kikipungua, wiki baada ya wiki. Miguu ya Bi Nyamizi ilivimba kiasi, hasa jioni, naye akatembea mtaani na viatu vya mumewe, kwata kwata kama bata bukini, wala hakuna aliyekuja na mkeka. Mashineni alifika kwa mara ya kwanza tangu mavuno, akasaga.

Mheshimiwa Pazia aliacha vyote viwili, akawa mzima polepole. Lakini hakuweza kurudi ofisini pekupeku na anakohoa, angekuta mji mkuu mzima unamlilia na kumlisha, kwa hiyo alibaki uani, na serikali ikabaki imelala pamoja naye. Nchi, nasikia, haikuona tofauti.

Ikafika Ijumaa moja, baada ya chakula cha mchana. Jua lilikuwa kali, kivuli cha bati kimefunika ua. Mzee Masunga alikuwa wa kwanza, alisinzia katikati ya kuambiwa pole. Waombolezaji wakamfuata, mmoja mmoja, wakiegemeana mabega. Mama Kulwa alilala huku kilio kikiendelea chenyewe kidogo, halafu kikakoma. Mpiga ngoma akalala, na ngoma ikawa inahema. Bwana Tegemeo aliangalia kwanza kama Mheshimiwa amelala, akaona amelala, akakubaliana naye.

Bi Nyamizi akaingia chumbani. Akavua viatu namba kumi na mbili, akavipanga, akajinyoosha kitandani, akangoja kikohozi. Akangoja tena. Hakikuja.

Kilichokuja kilitoka mlangoni. "Kho-kho."

Alikuwa Mwenyekiti wa Tume, amevaa koti, ameleta taarifa ya mwisho ya kulinganisha.

Bi Nyamizi, tangu azaliwe, hakuwahi kukiacha kikohozi cha mlangoni kipite. Mama yake hakuwahi, bibi yake hakuwahi. Akainua kichwa. Hapakuwa na mtu macho katika nyumba yote wa kusikia kama amekaribisha au hakukaribisha.

"Kho-kho," Mwenyekiti akarudia.

"Karibu kesho," akasema Bi Nyamizi ndani ya mto wake, taratibu, kwa adabu zote.

Mwenyekiti akangoja. Kizingiti kilikuwa na kivuli kizuri, akaketi, akaegemea mlango. Kho-kho ya tatu ilianza kama kikohozi ikaishia kama mkoromo.

Bi Nyamizi akausikiliza mkoromo huo mpaka ukatulia. Kisha akageukia ukutani, akavuta kanga mabegani, akalala.